Shemeji anasema dawa yangu ya moyo ni sumu ya panya

Shikamoo Mama,

Nina miaka 33, mama wa watoto wawili, nakaa Malaba upande wa Uganda. Nauza chai na chapati kwa madereva wa trela wanaosubiri karatasi zao forodhani. Nakuandikia usiku watu wa nyumbani wakiwa wamelala, maana jambo hili likitajwa mchana linageuka ugomvi.

Nianze mbali kidogo. Nikiwa msingi, darasa la nne, koo lilikuwa linaniuma kila mara. Baadaye goti likavimba, likapona, uvimbe ukahamia kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Mama alinikanda kwa maji moto na majani, nikapona, tukasahau.

Miaka miwili iliyopita, nikiwa na mimba ya pili, pumzi ikaanza kuniishia. Ndoo ya maji niliyokuwa nabeba bila kusimama sasa naituliza chini mara tatu. Usiku nalala nimeegemea mito mitatu, nakohoa. Zahanati moja wakaniambia ni pumu, wakanipa dawa ya kuvuta, haikusaidia kitu. Nilijifungua salama, Mungu ashukuriwe, lakini wiki ya pili moyo ukaanza kurukaruka kama kuku aliyetiwa ndani ya gunia. Hospitali kubwa wakanipaka jeli kifuani wakanipima eko. Daktari akasema vali moja imekaza, chumba cha juu cha kushoto kimetanuka, na hakikamui damu, kinatetemeka tu. Nikapewa dawa ya kupunguza maji mwilini, dawa ya kutuliza mbio, wafarini, na sindano ya penisilini kila wiki nne. Nikaambiwa niwe narudi kupimwa damu. Kwa nini napimwa, hakuna aliyenieleza.

Baada ya miezi mitano moyo ulitulia. Wakati huohuo shemeji yangu, anayeuza dawa za mifugo na za shambani, akaona pakiti yangu ya wafarini. Akacheka, akasema: "Hii ndiyo ile tunayowauzia watu waue panya." Alinionyesha na jina kwenye simu, ni lilelile. Mume wangu akaniambia niache. Nikaacha. Nyingine nikaendelea nazo, sindano nikawa nachoma nikikumbuka.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa narudisha chenji kwa dereva. Sarafu zikaniponyoka mkono wa kulia. Nikataka kusema "samahani", mdomo ukatoa sauti zisizo neno. Yule dereva alidhani nimelewa. Ilikaa kama dakika kumi, kisha nikawa mzima kabisa kana kwamba hakuna kilichotokea. Mama mkwe anasema ni pepo. Tulienda kwenye maombi, nikatoa ushuhuda mbele ya watu kwamba nimefunguliwa ulimi.

Mama, je, kweli nilikuwa nakunywa sumu? Na kama mdomo ulirudi wenyewe, si ina maana nimepona? Mfamasia mmoja aliniambia kuna vidonge vipya visivyohitaji kupimwa damu, je, nichukue hivyo? Jambo la mwisho: mume wangu anataka mtoto wa tatu. Mwezi huu siku zangu zimechelewa, ingawa huwa zinachelewa. Na sauti yangu imekwaruza mwaka mzima sasa, hata kwaya nimeacha. Sijui kama hilo nalo linahusika.

Mwenye moyo wa kuku, Malaba

*

Marahaba mwanangu,

Kabla hujasoma mstari mwingine: kesho asubuhi usikande unga. Nenda hospitali yenye daktari, na ukifika mapokezi usiseme "nimekuja kliniki". Sema: "Nina vali iliyokaza na moyo usiopiga kwa mpangilio, niliacha wafarini, na wiki tatu zilizopita mkono wa kulia ulilegea na nikashindwa kusema kwa dakika kumi." Liseme hivyo hivyo, lote, hata kwa askari wa getini. Na ikitokea tena kabla hujafika, iwe mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kupotea, usingoje kuona kama itapita. Uondoke dakika hiyohiyo, na mtu mmoja aandike saa ilipoanza, maana daktari ataiuliza kabla hajauliza jina lako.

Haya, sasa tukae tuzungumze.

Shemeji yako hakudanganya, na hilo ndilo linalofanya maneno yake yawe mabaya zaidi. Wafarini kweli iliuzwa kama sumu ya panya kuanzia 1948. Chanzo chake ni ng'ombe. Miaka ya 1920, huko Marekani na Canada, mifugo ilianza kufa kwa kuvuja damu baada ya kula majani makavu yaliyooza kwa ukungu. Mwaka 1933 mkulima mmoja alifika kwenye maabara ya chuo kikuu cha Wisconsin na mtamba aliyekufa pamoja na kopo la damu ambayo ilikataa kuganda. Wanasayansi wakatafuta kilichomo ndani ya yale majani, wakakipata, na baadaye wakatengeneza ndugu yake mwenye nguvu zaidi, ndiyo hii wafarini. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kutumika kwa binadamu, na mwaka uliofuata akapewa rais wa Marekani mwenyewe, Eisenhower, baada ya kushikwa na moyo. Panya hula asichopimiwa, usiku baada ya usiku, mpaka avuje ndani kwa ndani. Wewe unapewa miligramu chache na kurudishwa kupimwa ili ibaki pale pale inapotakiwa. Kile kipimo ambacho hakuna aliyekueleza kinaitwa INR. Asiye na dawa yuko karibu na 1. Mtu mwenye hali kama yako hutakiwa awe kati ya 2 na 3. Chini ya hapo damu inaganda upesi mno, juu sana ya hapo unaanza kuelekea kwa panya wa shemeji. Kidonge cha namna hii hakipewi mtu bila maelezo, na waliokupa bila kukueleza walikosea. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, na najua kosa hilo ni letu kabla ya kuwa lako.

Lakini kwa nini uzuiwe damu kuganda, wewe ambaye tatizo lako ni moyo kwenda mbio? Hapa ndipo watu wengi wanapotelea. Moyo una vyumba vinne. Viwili vya juu, ndivyo atria, hupokea damu na kuisukuma chini, na viwili vya chini huirusha mwilini na mapafuni. Kati ya chumba cha juu cha kushoto na cha chini kuna mlango, vali ya mitrali. Wako umekaza. Zile siku za magoti kuvimba kwa zamu zilikuwa karibu hakika homa ya baridi yabisi: koo lilishambuliwa na bakteria, mwili ukajitetea, na katika kujitetea ukaumiza vali zake wenyewe. Viungo hupona. Vali hubaki na makovu, na kovu hukaza polepole kwa miaka bila mtu kujua.

Wewe unaishi mpakani, utanielewa nikisema hivi: vali ni geti, atria ni uwanja wa kuegesha nyuma ya geti, na mapafu ni barabara inayokuja. Unakumbuka Januari 2022, mzozo wa vipimo vya korona kwa madereva, foleni ikarudi nyuma makumi ya kilomita upande wa Kenya? Ndivyo ilivyokuwa kifuani mwako. Mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, magari yakazidi, geti ni lilelile. Damu ikarudi mapafuni, ndiyo kikohozi, ndiyo mito mitatu. Si wewe wa kwanza kupewa dawa ya pumu kwa ugonjwa huu, na sidhani utakuwa wa mwisho.

Uwanja unaojaa miaka yote hutanuka. Nyama ya atria ikivutika namna hiyo, umeme wake huvurugika. Moyo wenye afya una mahali pamoja panapotoa amri, nayo hutoka mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Kwenye atria iliyovurugika amri hutoka kila upande, 350 hadi 600 kwa dakika, na chumba kinachopewa amri zote hizo hakiwezi kutii hata moja. Hakikazi wala hakilegei, kinacheza tu kama uji unaoanza kuchemka. Chumba cha chini hupokea baadhi ya amri hizo ovyo ovyo, na hapo ndipo unapomsikia kuku wako kwenye gunia. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba. Mapigo mazuri ni ngoma. Yako huenda yakawa kama matone ya mwisho ya mvua yanayodondoka kwenye mabati: moja, mawili pamoja, kimya, moja.

Yule kuku anatisha, lakini kilichokunyang'anya maneno ni kile kimya. Chumba kisichokamua kinaacha damu isimame, na pembeni mwa atria ya kushoto kuna kijifuko kama sikio ambamo damu hutuama kuliko pengine popote. Damu iliyosimama huganda. Bonge dogo likichomoka linaingia chini, linarushwa kwenye mshipa mkuu, na njia ya kwenda ubongoni iko wazi mbele yake. Utafiti wa mji wa Framingham, Marekani, uliochapishwa 1978, uliona kwamba mtetemo huu wa atria peke yake huongeza hatari ya kiharusi zaidi ya mara 5. Ukichanganyika na ugonjwa wa baridi yabisi wa moyo, kama wako, ilikuwa zaidi ya mara 17. Ndiyo maana dawa ya kutuliza mbio na wafarini ni mambo mawili tofauti kabisa. Ya kwanza ilimtuliza kuku, ukajiona mzima. Kijifuko hakikujua habari hiyo.

Kwa hiyo mwanangu, zile dakika kumi sipendi kuziita kupona. Kila dalili inaonyesha kwamba bonge lilipita kwenye mshipa wa upande wa kushoto wa ubongo, ule unaoshika maneno na mkono wa kulia, likayeyuka lenyewe. Kusali kwako sikugombani nako, na mimi ningeshukuru kwa magoti kama ulivyoshukuru. Rudi ukashukuru tena ukiwa na dawa mkobani. Nitakachogomba nacho ni ule ushuhuda kuwa sababu ya kutokwenda hospitali, kwa sababu linalofuata huenda lisiyeyuke.

Sasa utatamani uchukue ile pakiti ya zamani kabatini uanze kumeza leo. Usifanye hivyo. Kwanza, baada ya tukio kama hili daktari hutaka kupiga picha ya kichwa ahakikishe hakuna damu iliyovuja, maana ikiwa imevuja dawa ileile inageuka adui. Pili, wafarini huchukua siku kadhaa kushika kazi, na daktari anaweza kuona inafaa uanze kwa sindano za heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande. Tatu ni hilo uliloliandika kwa haraka haraka mwishoni, la siku zako. Pima mimba kabla ya kumeza kidonge hata kimoja. Wafarini humdhuru mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, anapoumbwa. Heparini haivuki kwenda kwa mtoto, kwa hiyo njia ipo ukiwa mjamzito, ila ni njia ya kupitishwa na daktari wa moyo na wa uzazi wakizungumza pamoja, wala haipitiki kwa kubahatisha. Na aspirini usijipe mwenyewe kama mbadala.

Ukikuta huna mimba, nitakuambia kitu ambacho mume wako hatakipenda: mtoto wa tatu angoje. Simaanishi milele. Geti lako likipimwa upya, huenda likafaa kupanuliwa kwa puto. Hupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, linajazwa, kovu linaachana. Mjapani Kanji Inoue alilifanya kwa mara ya kwanza 1982, na tangu hapo wanawake wengi wamebeba mimba wakiwa na nafuu. Lakini puto halipitishwi kwenye chumba chenye bonge la damu. Umeona jinsi kila njia inavyopita kwa wafarini kwanza? Wakati unangoja, uzazi wa mpango utumie, ila si vile vidonge vya kila siku vyenye estrojeni, kwa sababu navyo huongeza kuganda kwa damu. Kijiti cha mkononi kinafaa. Mwambie muuguzi una ugonjwa wa vali kabla hajafungua kabati.

Vidonge vipya. Mfamasia wako hakukosea kwamba vipo, wala kwamba kwa watu wengi wenye mtetemo wa atria ni vizuri. Kwa wenye vali iliyokazwa na baridi yabisi hadithi ni nyingine. Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya utafiti unaoitwa INVICTUS, wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, watu wenye mioyo kama yako. Nusu walipewa rivaroksabani, moja ya hizo mpya, nusu dawa za jamii ya wafarini. Waliomeza hizi za zamani walikufa wachache zaidi. Wengi tulitegemea kinyume. Kwa hiyo ukiambiwa "hii ya kisasa haina usumbufu", mwambie akupe jibu la INVICTUS.

Usumbufu upo, sitaufunika. Ukipewa tena wafarini, meza saa ileile kila jioni. Dodo, nakati na sukuma ule, lakini ule kwa kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, kwa kuwa mboga za majani zina vitamini K inayopingana na dawa. Anayekula mboga kila siku akapimwa akala vilevile hana shida, shida ni ya anayeacha mwezi mzima kisha anajaza sahani. Septrini na flajili, ambazo hapa kwetu mtu hununua dukani kama pipi, huipandisha wafarini mpaka mtu akavuja. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Diklofenaki na ibuprofeni ziache kabisa, maumivu ya kichwa tumia paracetamoli. Malaria ikikushika tibiwa, usiogope, ila waambie na urudi kupima INR mapema. Dawa za miti shamba sizitukani, nimezikuta nyumbani kwetu nikazikulia, lakini humo chupani sijui mna nini, na damu yako haina nafasi ya kubahatisha. Kinyesi cheusi kama lami, mkojo mwekundu, damu ya pua isiyokatika, au kichwa kuuma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa: hospitali, usiku au mchana.

Ile sindano ya kila wiki nne unayochoma "nikikumbuka" nimeisoma mara mbili. Inazuia koo lisishambuliwe tena na vali isipate kovu jipya. Faida ya penisilini hii imepimwa hapa hapa Uganda, kwa watoto karibu 800 ambao eko ilikuta dalili za mwanzo kabisa. Baada ya miaka miwili, katika 399 waliochomwa ugonjwa ulisonga mbele kwa 3. Katika 400 wasiochomwa, 33. Wewe umeshapita hatua ya wale watoto, lakini vali uliyobaki nayo bado inafaa kulindwa. Waambie tu kwamba unatumia wafarini kabla ya kuchomwa, wakandamize mahali pa sindano vizuri. Na wanao wawili wakilalamika koo lenye homa usikande kwa majani, wapeleke wakaangaliwe.

Sauti, ndiyo, huenda inahusika. Neva inayoendesha sauti upande wa kushoto hushuka kwanza kifuani kabla ya kupanda kooni, na atria ikitanuka sana husukuma mishipa mikubwa iliyo juu yake, ikaibana neva hiyo. Daktari wa Austria, Ortner, aliieleza hali hii 1897 kwa wagonjwa wa vali kama yako. Kuna sababu nyingine pia, kwa hiyo waangalie na koo lenyewe. Litaje hili hata kama hawakuulizi, hakuna daktari atakayekisia kwamba aliyekuja kwa moyo ameacha kwaya.

Kuhusu mahali: hospitali iliyo karibu itakuanzishia, na Mbale ipo. Lakini usikubali kuishia hapo. Omba barua ya kwenda Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyo Mulago, Kampala, ndiko wanakofanya upasuaji wa moyo, watakaokuambia puto linafaa au la. Beba karatasi ya eko ya zamani hata kama imechanika. Na uulize kwa simu kabla ya kupanda gari kama kipimo cha INR kipo siku hiyo, nauli isiende bure.

Mume wako aende nawe. Asikae nje na simu, aingie chumba cha daktari asikie kwa masikio yake, na shemeji msomee barua hii, hasa pale pa ng'ombe, nadhani atapapenda. Halafu leo, kabla hujalala, tafuta namba ya mwenye gari anayeweza kukupeleka hospitali saa nane za usiku, uiandike kwa mkaa ukutani karibu na jiko, kubwa, mtoto wako mkubwa aweze kuisoma.